Tunauziwa komponenti za kupakia faili zinazotunga asilimia. Inatosha!

Wakuu, hili limenichosha. Nilinunua komponenti (kipande cha kodi kilichoandikwa tayari) ya kupakia faili kwa hela yangu, nikaifunga kwenye mfumo wa maombi ya mkopo wa chama kimoja cha akiba. Maelezo yake yanajinadi kwamba inatoa tukio la maendeleo, yaani taarifa ya kazi imefika wapi, kwa kila hatua ya kazi.

Jana mama mmoja wa mitumba kanipigia: "Mwanangu, imefika tisini imeganda. Nimerudia mara nne, bando limekwisha, na sijui kama imeenda." Picha zake za leseni na hati ni MB 12. Kila alipoanza upya, MB zilizokwisha kutoka zilipotea, na bando ni la kwake.

Nikafungua kodi usiku uleule. Nikakuta taima! Kila nusu sekunde inaongeza 5%, ikifika 90% inasimama kusubiri jibu la seva. Yaani ndani ya sekunde 9 mama kashaona tisini, mtandao uwepo usiwepo. Hakuna baiti hata moja iliyohesabiwa.

Na kupima kunawezekana, miaka yote. XMLHttpRequest, njia ya kivinjari ya kutuma data, ina `upload`, na hiyo inatoa tukio la `progress` takribani kila milisekunde 50 data inapotoka. Ndani yake kuna `loaded` (baiti zilizokwisha kutoka) na `total` (jumla). Gawanya, umepata asilimia ya kweli. Kama `lengthComputable` ni `false`, jumla haijulikani, basi weka duara linalozunguka uache kutunga namba. Aliyeandika komponenti hii katumia `fetch`, njia nyingine ya kivinjari ya kutuma data, ambayo haitoi tukio hilo wakati wa kupakia, akaziba pengo kwa uongo.

Kinachoniuma zaidi ni kosa la mtandao. Mtandao ukikatika `fetch` inarudisha kosa, yeye kalimeza kimyakimya. Mama angeambiwa "mtandao umekatika" asingechoma bando mara nne.

Nimemwandikia muuzaji. Kanijibu eti watumiaji wanapenda kuona mstari unasogea. Wanapenda kujua hati zao zimefika, bwana!

Nimeing'oa. Nimeandika yangu, wasikilizaji wote (kodi zinazosubiri matukio) nimewafunga kabla ya `send()`, amri ya kutuma, na baiti zikiisha kutoka inaandika "Imetumwa, inahifadhiwa" mpaka seva ijibu. Leo asubuhi mama kajaribu tena kwa bando nililomtumia mimi, imepita.

Wewe uliyenunua komponenti ya namna hii, zima data katikati ya kupakia uone kama mstari utasimama. Leta majibu hapa.