Pikipiki ya safari ya zamani: betri mpya, lakini chaji haivuki 13.1 V

MwendoMrefu
Wakuu, naomba mnisaidie kuwaza. Pikipiki ni ya safari, silinda nne, ya miaka ya 1980. Koili ya chaji inatoa nyaya tatu za njano zinazoingia kwenye regyuleta (kifaa kinachogeuza umeme wa koili kuwa wa betri na kudhibiti volti zake) iliyofungwa kwenye fremu. Betri ni mpya, na ikilala usiku kucha inasoma 12.7 V. Injini ikizunguka mara 4000 kwa dakika na taa kubwa ikiwa imewashwa, kwenye betri napata 13.1 V. Taa ikizimwa inapanda hadi 13.6 V. Indiketa za pande zote mbili zinawaka na kuzima polepole, na baada ya mwendo mrefu wa usiku stata inazunguka kwa kujikokota.

Je, ni regyuleta au ni koili? Koili iko ndani ya kava ya injini, sitaki kuifungua kwa kubahatisha.

WayaMweusi
Mkuu, usinunue kitu bado. Volti zinazoshuka mzigo unapoongezeka zinaweza kutoka sehemu tatu: koili, regyuleta, au njia ya kutoka regyuleta hadi betri. Anza na njia, kwa sababu kwenye pikipiki za umri huo ndiyo inayochoka kwanza, na kuipima hakuhitaji kufungua injini.

Washa injini, taa kubwa iwake, resi ishike 4000. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu iguse waya wa chanya unapotoka kwenye regyuleta, ncha nyeusi iguse nguzo ya chanya ya betri yenyewe, siyo boliti wala kichwa cha waya. Mita itakuonyesha volti zinazopotea njiani. Hadi 0.2 V ni sawa. Kisha pima upande wa hasi: ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa hasi wa regyuleta na baadaye kwenye bodi yake. Hapo ikizidi 0.1 V nenda kasafishe.

Kipimo cha omu hakitakusaidia hapa. Waya uliobakiwa na nyuzi chache za shaba utasoma sifuri kama mzima, kwa kuwa mita inapitisha umeme kidogo mno. Udhaifu unajitokeza pale tu ampea nyingi zinapopita.

Kuna jambo wengi hawalioni. Regyuleta nyingi zinajipimia volti zenyewe kwenye waya wao wa kutolea. Yenyewe ikiona 14.1 V inaamini betri imetosheka na inazuia chaji, kumbe betri inapata 13.1 V. Ukiibadilisha, mpya nayo itafanya vilevile.

Angalizo: usichomoe betri injini ikiwa inaunguruma. Volti zitaruka ghafla na kuunguza regyuleta na kompyuta ya kuwashia.

KoiliTatu
Nakubaliana naye, ila ukishamaliza njia, pima na koili ili uwe na uhakika. Zima injini, chomoa plagi ya nyaya tatu za njano. Pima omu kati ya kila jozi: zote tatu zilingane, kwa kawaida chini ya omu 1. Kumbuka kutoa omu za nyaya za mita yenyewe (gusanisha ncha zake uone). Halafu pima kila waya wa njano na bodi ya injini: mita isisome kitu kabisa. Ikisoma chochote, koili imepiga shoti kwenye bodi.

Sasa washa injini plagi ikiwa bado imechomolewa, mita iwe kwenye volti za AC (umeme wa koili kabla haujapita regyuleta), resi ipande hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Linganisha jozi tatu. Ukipata 55, 55 na 54 koili ni nzima. Ukipata 55, 30 na 28 kuna mzunguko uliokufa. Rudia injini ikiwa moto sana, maana vanishi ya koili (rangi inayozuia nyaya zake kugusana) ikianza kupasuka inaweza kufaulu kwenye ubaridi na kufeli kwenye joto.

Itazame na hiyo plagi ya njano. Plastiki ikiwa ya kahawia au imelainika, ikate.

MwendoMrefu
Nimepima. Upande wa chanya napoteza 0.7 V, upande wa hasi 0.3 V. Kwenye regyuleta yenyewe nasoma 14.1 V. Koili: jozi zote zinalingana, baridi na moto, na hakuna kinachogusa bodi. Plagi ya njano ina tundu moja lililoungua.

WayaMweusi
Hesabu imekamilika: 14.1 ukitoa 1.0 ni 13.1. Regyuleta na koili viache.

Pitisha waya mpya wa chanya wa 4 mm² moja kwa moja kutoka regyuleta hadi betri, na fyuzi ya 30 A. Fyuzi ikae karibu na betri, kwa sababu waya ukichubuka njiani betri ndiyo itakayomwaga ampea zote. Waya wa hasi wa unene huohuo nao uende kwenye nguzo ya betri; kwenye fremu kwangua rangi hadi chuma king'ae.

KoiliTatu
Kwa nyaya za njano, kata hadi upate shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haishiki lehemu. Kata kila waya mahali tofauti ili maungio yasikae pamoja. Mimi nabana kwa koleo la terminali na kufunika kwa mpira unaonywea kwa joto. Lehemu peke yake inaufanya waya kuwa mgumu, na mtikisiko unaukata pale lehemu inapoishia. Ukiitumia, funga waya kwenye fremu pande zote mbili za ungio.

Indiketa pima tena baada ya hapo. Pande zote mbili zikiwa polepole, kosa ni volti. Ungekuwa upande mmoja tu, ningetafuta balbu au hasi ya upande huo.

MwendoMrefu
Nyaya mpya zimefungwa, plagi imeondolewa. Resi 4000, taa kubwa imewaka: 14.0 V kwenye betri. Chanya inapoteza 0.08 V, hasi 0.03 V. Indiketa zimerudi kwenye mwendo wake.