Naomba ushauri: mpango wa fedha katika ombi la ruzuku ya filamu

Mtayarishaji_Mpya
Wakuu, salaam. Ninatayarisha filamu ndefu ya hali halisi, pamoja na mfululizo mfupi wa vipindi vya mtandaoni unaotokana na filamu hiyo hiyo, na dirisha la maombi ya mfuko mmoja wa umma linakaribia kufungwa. Maelezo ya hadithi yako tayari, mwongozaji yupo, na kituo kimoja cha televisheni kimetupa barua ya nia. Kinachoninyima usingizi ni mpango wa fedha. Je, malipo ya wafanyakazi waliokubali kulipwa baadaye yanaweza kuhesabiwa kuwa mchango wetu? Na kamati itaichukulia barua ya nia kuwa ni fedha? Aliyewahi kupita njia hii naomba anielekeze.

Hesabu_Kwanza
Barua ya nia isiyotaja kiasi, haki zinazonunuliwa na tarehe za malipo haihesabiwi kuwa fedha, hata kama imeandikwa kwa lugha ya upendo. Rudi kituoni ukaombe barua yenye mambo hayo matatu, iliyosainiwa na mtu mwenye mamlaka ya kununua. Malipo yaliyoahirishwa hukubaliwa na baadhi ya mifuko, ila kwa kikomo na kwa mkataba wa kila mhusika, kwa sababu mpango uliojaa ahadi tupu humfanya msomaji ajiulize kama kuna yeyote aliyeweka fedha halisi. Angalia pia ukomo wa jumla ya fedha za umma. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kanuni za Kamisheni za mwaka 2013 zinaweka ukomo huo kwa kawaida kuwa asilimia 50 ya bajeti ya utayarishaji, na asilimia 60 kwa filamu inayotayarishwa kwa ubia wa nchi wanachama zaidi ya moja, ingawa kazi ngumu kuuzika zinaweza kuruhusiwa kuvuka.

Mzee_wa_Kamera
Mimi nakushauri uanze na picha za kumbukumbu. Filamu yetu ilipata ruzuku, tukafurahi, kisha tukagundua kwamba picha za zamani tulizozitumia zilikuwa na kibali cha matamasha tu, bila televisheni wala mtandao. Gharama ya kupanua kibali ikala fungu lote la kuchanganya sauti, na mfuko ukakataa kuongeza chochote kwa sababu bajeti ilikwisha kupitishwa. Kwa kuwa wewe una vipindi vya mtandaoni, omba bei ya haki zote tangu sasa, kwa muda mrefu na kwa maeneo yote.

Kodi_Yetu
Kabla ya hesabu, ndugu, tukumbuke fedha hizi ni za nani. Ufaransa ilianzisha taasisi yake ya sinema, CNC, mwaka 1946, na hadi leo sehemu ya bei ya kila tiketi ya sinema hurudishwa katika kutayarisha filamu nyingine. Mtazamaji aliyelipa tiketi hiyo hayupo kwenye kamati, hivyo ukweli wa mwombaji ndio ulinzi wake pekee.

Hesabu_Kwanza
Mleta uzi, kuna jambo hukulitaja. Upigaji picha unaanza lini?

Mtayarishaji_Mpya
Katika fomu tumeandika kwamba utaanza baada ya uamuzi wa kamati.

Hesabu_Kwanza
Sikuuliza fomu inasema nini. Kamera imeshawashwa au bado?

Mtayarishaji_Mpya
Sehemu kubwa ya filamu imeshapigwa. Lakini nieleweni: mhusika wetu mkuu ni mzee na anaumwa, na kusubiri kamati ikutane kungekuwa sawa na kuikosa filamu. Tulikopa kwa mtu binafsi ili tusimpoteze, na ruzuku ndiyo itakayolipa deni hilo. Katika ombi tumeuita upigaji huo utafiti wa picha, jambo ambalo si uongo, kwa kuwa tulikuwa bado tunaitafuta hadithi. Vipindi vya mtandaoni havijaanza kabisa.

Kicheko_Kidogo
Basi kamati itapima ndoto ya filamu ambayo mhariri wake ameshaanza kulalamika kuwa ni ndefu mno.

Jicho_Kavu
Nauona uzi huu kuwa wa kutungwa. Mtu mwenye barua ya kituo cha televisheni anawezaje kutojua kanuni ya kwanza ya mifuko, kwamba gharama zilizotumika kabla ya uamuzi kwa kawaida hazilipwi? Halafu siri inatoka kipande kwa kipande, mgonjwa anatokea kwa wakati wake, mkopo unafuata. Huyu ama ni mwandishi anayejaribia tamthilia yake kwetu, ama ni mtu wa mfuko anayetaka kujua watu hujitetea vipi.

Mzee_wa_Kamera
Usimhukumu upesi. Katika filamu za hali halisi ni kawaida kupiga picha za awali ili kumshawishi msomaji, na mifuko mingi huzitaka. Mpaka kati ya picha hizo na upigaji wenyewe humchanganya hata mzoefu.

Jicho_Kavu
Picha za awali hazifikii sehemu kubwa ya filamu. Na mkopeshaji gani hutoa fedha bila dhamana? Atuambie dhamana ni nini, nitaamini.

Mtayarishaji_Mpya
Dhamana ni haki za filamu. Mkataba unasema zitabaki kwake mpaka deni liishe. Sikuona sababu ya kulitaja, kwa sababu deni likilipwa haki zinarudi kwetu.

Jicho_Kavu
Hapo naondoa shaka yangu. Mtunzi asingelificha jambo hilo mpaka jibu la mwisho.

Hesabu_Kwanza
Uzi uwe wa kweli au wa kutungwa, kuna watu watausoma wakiwa na fomu mkononi. Dada au kaka, sasa una matatizo mawili. Eurimages, mfuko wa Baraza la Ulaya, hautaki upigaji picha uanze kabla mradi haujajadiliwa, na mifuko mingi ina sharti la namna hiyo. Mkaguzi atakapofungua stakabadhi za usafiri na ratiba za kazi, neno “utafiti” halitakulinda, na unaweza kudaiwa ruzuku yote. La pili, mfuko hutaka mwombaji awe mmiliki wa haki, na kwa mkataba huo wewe si mmiliki. Uliza kama wana fungu la kukamilisha filamu, yaani uhariri, sauti na rangi, ambalo huwahusu waliokwisha kupiga picha. Vipindi vya mtandaoni viombee kama mradi wa pekee wenye bajeti yake, kwa sharti kwamba mkopeshaji akubali kwa maandishi kuwa dhamana yake haivigusi.

Mtayarishaji_Mpya
Fungu la kukamilisha ni dogo, halitafika kwenye deni. Na tamko la fomu nimeshalisaini, ingawa halijatumwa.

Hesabu_Kwanza
Basi lisitumwe. Mwandikie leo afisa wa mfuko anayeshughulikia maombi, utaje tarehe ya kwanza ya upigaji picha, kiasi cha mkopo na dhamana yake, uombe jibu la maandishi. Deni kalijadili na mkopeshaji: mpe sehemu ya mapato ya mauzo, akuachie haki.