Gereji na yadi za Dar: mnaziua giaboksi za DSG, kisha mnatulaumu wenye magari

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, ila nimejizuia mpaka nilipokuwa na hakika ya ninachokisema. Lalamiko langu ni kwamba gereji nilizopita hapa Dar es Salaam zinaihudumia DSG ya klachi kavu, yaani giaboksi ya Volkswagen inayobadilisha gia yenyewe, kana kwamba ni oto ya Toyota, zinaiharibu kwa mikono yao wenyewe, na inapoharibika zinamgeuzia kibao mwenye gari kwamba alijitakia kwa kununua gari dogo la Kijerumani lenye turbo. Yadi zinazotuuzia magari hayo zinajua zinachouza, nazo zimenyamaza.

Gari lenyewe ni Volkswagen Golf ya kizazi cha saba, TSI (injini ya petroli yenye turbo) ya lita 1.4, lililotoka Japani likiwa limetumika. Lilikuwa zima. Nililipeleka kwa sevisi ya kawaida kwenye gereji ambayo sitaitaja jina, wakashauri mafuta ya giaboksi yabadilishwe, na nilipokwenda kulichukua nikakabidhiwa risiti inayoonyesha lita nne za ATF, yaani haidroliki ya oto za kawaida. Haikuchukua muda gari likaanza kutetemeka linapoondoka na linapopokea gia ya pili. Nilipolirudisha, fundi mkuu hakufungua hata boneti. Alisema: "Bosi, hizi za turbo giaboksi zake ndivyo zilivyo, tafuta nyingine Ilala tukufungie." Mashine ya kupimia haikuunganishwa na hakuna kodi yoyote ya hitilafu iliyosomwa. Fundi mwingine aliposhusha giaboksi, klachi zilikuwa zimelowa mafuta.

Kwa asiyeifahamu giaboksi hii, hapo ndipo ubaya wote ulipo. Oto nyingi tulizozizoea, za IST, Premio na nyinginezo, zina toki konveta kati ya injini na gia, yaani chombo kilichojaa mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayoruhusu injini iendelee kuzunguka wakati magurudumu yamesimama. DSG ya gia saba ambayo Volkswagen walianza kuitoa mwaka 2008, inayojulikana kiwandani kama DQ200, haina kitu hicho. Ndani yake ni giaboksi inayofanana na ya manyuo, ila ina klachi mbili: moja inashughulika na gia ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, nyingine inashughulika na ya pili, ya nne, ya sita na rivasi, huku kazi ya mguu na mkono wa dereva ikifanywa na kifaa cha umeme na mafuta kinachoitwa mekatroniki. Klachi hizo zinafanya kazi zikiwa kavu, na tone la mafuta likizifikia zinaanza kushika na kuachia ovyo. Mafuta ya giaboksi hii yamegawanyika sehemu mbili zisizochanganyika: ya gia zenyewe, ambayo hayafiki lita mbili, na ya mekatroniki, ambayo ni kama lita moja na ni ya aina tofauti kabisa. Sasa naomba fundi yeyote anieleze lita nne za ATF ziliingia wapi. Ama nililipishwa mafuta ambayo hayakutumika, ama yalisukumwa yote ndani mpaka yakatafuta pa kutokea, na hali ya zile klachi inajibu ni lipi kati ya hayo mawili.

Sipingi kubadilisha mafuta. Volkswagen hawakuweka kipindi cha kubadilisha mafuta ya gia katika giaboksi hii, lakini fundi makini anayeyabadilisha kwa aina sahihi na kipimo sahihi baada ya miaka mingi ya joto la pwani hana kosa machoni pangu. Ninachopinga ni kumimina chochote kilichopo kwenye dumu kwa hoja kwamba "oto zote zinakula haidroliki."

Vurugu hii inachangiwa na ukweli kwamba DSG si moja. Ipo DQ250 ya gia sita, iliyotoka mwaka 2003 na kufungwa kwenye magari yenye nguvu zaidi kama Golf GTI, ambayo klachi zake zinaogelea ndani ya mafuta. Hiyo ndiyo inayotakiwa kubadilishwa mafuta na filta kila kilomita 60,000, kwa mafuta maalumu ya DSG, yakiingia zaidi kidogo ya lita tano, na kina chake kinapimwa mafuta yakiwa na joto la kati ya nyuzi 35 na 45. Matokeo yake hapa mjini ni kinyume kitupu. Mwenye klachi kavu anajaziwa mafuta yasiyomhusu, na mwenye GTI anaambiwa mafuta yake ni ya kudumu, asiguse kitu, mpaka klachi zinaanza kuteleza ndani ya mafuta yaliyokwisha kuchoka. Kuzitofautisha hakuhitaji shahada, kwa sababu herufi za giaboksi zimeandikwa kwenye karatasi ya taarifa za gari iliyobandikwa kwenye buti, na ile iliyomo kwenye kijitabu cha sevisi.

Nirudi kwenye turbo, kwa sababu ndiyo kisingizio kikubwa. Ni kweli kwamba turbo inaipa giaboksi kazi ngumu, ila si kwa namna wanavyoeleza. Injini ya IST ya lita 1.5, ile 1NZ-FE, inafikia toki yake ya juu (nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nm), 141 Nm, ikiwa kwenye mizunguko 4,200 kwa dakika, mahali ambapo dereva wa foleni hafiki kabisa. TSI ya lita 1.4 yenye nguvu za farasi 140 inatoa 250 Nm kuanzia mizunguko 1,500, yaani karibu mara tu unapoachia breki na kugusa mafuta. Kiwango cha mwisho ambacho DQ200 iliundwa kukibeba ni hizo hizo 250 Nm. Hakuna akiba. Kwa hiyo wale vijana wanaotangaza kuprogramu upya kompyuta ya injini ili gari "lichomoke" wanamuuzia mteja toki ambayo giaboksi yake haina mahali pa kuiweka, na sijamsikia hata mmoja akimwambia mteja hivyo kabla ya kupokea fedha. Mwenye TSI ya lita 1.2, ambayo toki yake ni 175 Nm, ana nafasi kubwa zaidi ya kupumua, na kwa foleni zetu ningemshauri mtu achukue hiyo kuliko kukimbilia nguvu za farasi.

Foleni yenyewe ndiyo kipimo kigumu kuliko spidi. Gari linaposogea kidogo kidogo kutoka Ubungo kwenda Kimara, au pale Tazara jioni, klachi kavu inashikwa nusu na kuachiwa mfululizo, na joto linalozaliwa halina mafuta ya kulibeba. Dereva anaweza kupunguza mzigo huo kwa mambo machache ambayo yadi ingeweza kumwambia kwa dakika chache wakati wa kumkabidhi funguo. Akisimama, akanyage breki kikamilifu, kwa sababu ndivyo giaboksi inavyojua kwamba inatakiwa kuachia klachi. Breki ya kugusagusa inaiacha ikivutana. Aache nafasi mbele yake, kisha asogee mwendo wa kueleweka na asimame tena, badala ya kutambaa nyuma ya daladala inchi kwa inchi, hata kama bajaji zitachomeka. Kwenye mwinuko asilishikilie gari kwa pedeli ya mafuta. Atumie breki, ya mguu au ya mkono. Na onyo la giaboksi kuchemka likitokea kwenye dashibodi, aegeshe pembeni mpaka ipoe, asijikaze kufika nyumbani.

Yadi iliyoniuzia ilinieleza habari za ngozi ya viti na rimu. Ya klachi hawakuyagusa.

Kuna jambo zito zaidi ambalo yadi haziwezi kudai kwamba hazikulisikia. Mwaka 2013 Volkswagen waliyaita magari yenye DSG hii kwa marekebisho katika nchi kadhaa. China peke yake yalikuwa magari 384,181, Japani, ambako magari yetu yanatoka, yakaitwa mwezi Mei, Australia wakafuata mwezi Juni, na mwezi Novemba mwaka huo huo kampuni ikatangaza kampeni ya dunia nzima ya magari takriban milioni 1.6 ili kubadilisha mafuta ya sintetiki kwa mafuta ya madini. Sababu waliyoitoa ni kwamba mafuta ya sintetiki yangeweza kusababisha hitilafu katika mfumo wa umeme wa giaboksi, hasa katika hali ya joto na unyevu na uendeshaji mwingi wa mjini. Joto, unyevu na uendeshaji wa mjini: hiyo si Dar es Salaam? Golf yangu ni ya baadaye, lakini anayenunua Golf ya kizazi cha sita, Polo au Audi A1 za kati ya mwaka 2009 na 2012 ana haki ya kuonyeshwa, kwa namba ya chasisi, kama kazi hiyo ilifanyika Japani kabla gari halijapanda meli. Nimeuliza kwenye yadi kadhaa kwa niaba ya shemeji yangu anayetafuta gari. Nilijibiwa kwamba "hizo zilisharekebishwa zote," na nilipoomba karatasi nikaulizwa kama kweli nimekuja kununua.

Tatizo jingine linalojulikana ni la mekatroniki yenyewe. Sehemu inayohifadhi shinikizo la mafuta inaweza kupata ufa kwenye nyumba yake ya aluminiamu, shinikizo likapotea, na gari likabaki bila gia. Australia waliita magari kwa ajili hiyo mwaka 2019. Mashine ya kupimia huwa inatoa kodi P17BF au P189C. Mekatroniki ya giaboksi hii inafunguliwa bila kushusha giaboksi nzima, na ikiwa ndiyo mbovu basi ndiyo inayotengenezwa au kubadilishwa. Lakini kwa kuwa mashine haiunganishwi, mteja anauziwa giaboksi nzima iliyotumika, isiyojulikana ilitoka kwenye gari gani wala imetembea kilomita ngapi, na ile yake ambayo pengine ilikuwa na klachi nzima na gia nzima inabaki gerejini. Naomba wenye gereji watueleze zile giaboksi "mbovu" wanazobaki nazo zinakwenda wapi.

Na si kila mshtuko unatoka kwenye giaboksi. Injini ya TSI ikiwa na koili au plagi iliyochoka inakata moto kidogo kidogo inapobebeshwa mzigo, na abiria hataweza kuutofautisha mtetemeko huo na wa klachi. Maunting ya chini, ile inayoshikilia injini na giaboksi, ikikatika unasikia kishindo kila gari linapoondoka. Betri dhaifu inaifanya mekatroniki itoe malalamiko ambayo yanaondoka betri inapobadilishwa. Vitu hivi vinapimwa kabla ya kutamka neno giaboksi, na vyote kwa pamoja ni nafuu kuliko giaboksi moja ya kuokoteza.

Hata pale klachi inapobadilishwa kweli, kazi inaishia njiani. Klachi za DQ200 zinatakiwa kupimwa nafasi zake kwa kifaa maalumu na kuwekewa washa (pete bapa za chuma) za unene unaostahili, kila klachi peke yake, na baada ya kufungwa giaboksi inapaswa kufanyiwa mpangilio wa awali kwa kompyuta ili ijifunze mahali klachi mpya zinaposhikia. Niliyemuuliza gerejini kuhusu hatua hiyo alinijibu kwamba "itajizoesha yenyewe barabarani." Klachi iliyofungwa hivyo inaanza kutetemeka upya, na mteja anarudishwa kwenye wimbo ule ule wa gari la turbo.

Ninachodai kwa gereji iliyoharibu gari langu nimekiandika kwa barua, pamoja na nakala ya risiti na picha za klachi zilizolowa, na bado nasubiri jibu. Kwenu wanajukwaa naomba mambo mawili. Mwenye kumfahamu fundi hapa Dar anayesoma kodi kabla ya kufungua boliti, anayekuonyesha kopo la mafuta kabla ya kuyamimina, na anayemiliki vifaa vya kupimia klachi za DQ200, anitumie ujumbe wa faragha. Na kama yupo aliyewahi kuipeleka gereji au yadi mbele ya Tume ya Ushindani kwa kosa la namna hii, naomba aeleze hapa hapa alianzia ofisi gani, alitakiwa kuleta vielelezo gani, na kama alilipwa. Madalali wa giaboksi za kutumika msinitafute.