Mjadala: Je, Gavana Reeder alikuwa na haki ya kulikataa baraza la Kansas mwaka 1855?

Mleta Mada
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa uzito wake. Andrew Reeder, wakili kutoka Easton, Pennsylvania, aliteuliwa na Rais Franklin Pierce mwaka 1854 kuwa gavana wa kwanza wa Kansas, eneo la mpakani ambalo wakati huo lilikuwa halijawa jimbo na ambalo wakazi wake walikuwa wameachiwa waamue wenyewe kwa kura kama watakubali utumwa au la. Uchaguzi wa baraza la kutunga sheria ulifanyika tarehe 30 Machi 1855, na siku hiyo watu wenye silaha walivuka kutoka Missouri, jimbo jirani lililoruhusu utumwa, wakapiga kura, wakarudi makwao. Reeder aliyafuta matokeo ya maeneo machache na kuyathibitisha mengine. Mwezi Julai, baraza lilipouacha mji wa Pawnee, alikokuwa ameliitisha, na kuhamia Shawnee Mission, karibu na mpaka wa Missouri, bila ridhaa yake, alitangaza kuwa halina tena mamlaka ya kutunga sheria, na kabla ya majuma mengi kupita Pierce akamfuta kazi. Mimi nasema alikuwa sahihi, kwa sababu baraza lililozaliwa na kura za wageni si baraza. Wenzangu mnaonaje?

Wakili Mstaafu
Kisheria siwezi kumtetea. Aliyetia saini hati za wajumbe mwezi Aprili hawezi kusimama mwezi Julai na kudai kuwa wajumbe hao si halali, na ndiyo maana ilimbidi aiache hoja ya kura, ambayo ilikuwa na nguvu, akashika hoja ya mahali pa kikao, ambayo ilikuwa dhaifu. Baraza lilipitisha muswada wa kuhama, yeye akaukataa, nao wakaupitisha tena kwa wingi wa theluthi mbili. Hata Jaji Mkuu wa eneo hilo, Samuel Lecompte, aliona kuwa baraza lina haki. Isitoshe, huko Pawnee alikowaita wajumbe, Reeder alikuwa amejinunulia viwanja.

Mwalimu wa Sekondari
Shikamoo Mzee Wakili. Hilo la viwanja limenichoma, kwa maana ndilo neno lile lile ambalo serikali ya Pierce ilimtupia ili isilazimike kusema kuwa inamwondoa kwa sababu ya uchaguzi. Kumbuka pia kwamba kura zilizopigwa, nadhani, zilikuwa mara tatu ya idadi ya wapiga kura. Mtu anaibiwa uchaguzi mzima mchana kweupe, nawe unamuuliza habari za kiwanja!

Msomaji wa Takwimu
Si mara tatu, Mwalimu. Sensa ya mwanzoni mwa 1855 ilihesabu wapiga kura 2,905, na kura zilizopigwa zilikuwa zaidi ya 6,000, yaani mara mbili na ushei. Kamati ya Bunge la Marekani iliyochunguza jambo hilo mwaka 1856 iliona kuwa karibu 5,000 kati ya hizo zilikuwa haramu. Tusitie chumvi, ukweli wenyewe unatosha.

Wakili Mstaafu
Marahaba, Mwalimu. Sikusema kwamba viwanja ndivyo vilivyomfanya alikatae baraza. Nilisema kwamba kiongozi anayepambana na watu wanaotafuta kosa lake hapaswi kuwapa kosa hilo mkononi. Pawnee ilikuwa zaidi ya kilomita 150 kutoka mpaka wa Missouri, mji ambao haujamalizika kujengwa, ukiwa na jengo moja la mawe kwa ajili ya kikao, na wajumbe wengine ikawabidi walale kwenye mahema. Angechagua mahali asipokuwa na faida hata ya senti moja, wangemshika kwa lipi?

Mwalimu wa Sekondari
Wangemshika kwa lolote! Benjamin Stringfellow, ambaye ndugu yake John baadaye alikuwa spika katika baraza hilohilo, alimpiga gavana kwa mikono yake. Na mji huo wa Pawnee uliingizwa ndani ya mipaka ya ngome ya Fort Riley na wakazi wakaondolewa, kwa amri ya Waziri wa Vita, Jefferson Davis, yule yule aliyekuja kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Mzee wangu, huoni kuwa hapo suala halikuwa maadili ya gavana? Na baraza hilo liliposhika madaraka lilipitisha sheria kwamba anayesema au kuandika kuwa hakuna haki ya kumiliki watumwa Kansas afungwe na kazi ngumu isiyopungua miaka miwili. Mnamtaka gavana atie saini mambo hayo?

Mleta Mada
Naomba turudi kwenye mada, ambayo ni mamlaka ya gavana. John Geary, aliyekuja kuwa gavana mwaka 1856, naye alilikataza baraza lisiitishe mkutano wa katiba bila wananchi kuipigia kura katiba hiyo. Baraza likampuuza, na mwezi Machi 1857 akajiuzulu. Geary hakuhusishwa na viwanja vya Pawnee, na bado alishindwa.

Msomaji wa Takwimu
Mfano wa Geary unamuunga mkono Wakili kuliko unavyokuunga wewe, Mleta Mada, kwa maana naye alipambana na baraza lililokwisha kuthibitishwa. Gavana aliyefuata, Robert Walker, alifanikiwa pale Reeder alipokwama, kwa kuwa Oktoba 1857 alizikataa kura kabla ya kuwathibitisha wajumbe. Kijiji cha Oxford, chenye nyumba chache tu, kilileta kura zaidi ya 1,600, naye akazitupa zote, na wapinga utumwa wakapata wingi barazani.

Binti wa Mvuvi
Nimesoma tangu mwanzo, na kuna neno limepita hapa mara nyingi bila yeyote kulisimamia. Mnabishana kama Reeder alinunua ardhi kwa haki, na hakuna aliyeuliza alinunua kwa nani. Miongoni mwa mambo aliyoshtakiwa ni mikataba ya ardhi zilizotengewa watu wenye asili ya Kansa, kabila la wenyeji wa asili ambalo eneo hilo limepewa jina lake. Hata Shawnee Mission, mahali palipogombewa kwa turufu na theluthi mbili, palikuwa shule ya watoto wa Washawnee, kabila jingine la wenyeji wa asili lililohamishwa kutoka mashariki. Gavana na baraza walichukiana kwelikweli, lakini kuhusu ardhi hiyo sioni walipotofautiana.

Wakili Mstaafu
Binti yangu, hilo sikulifikiria. Nililitaja suala la viwanja kama doa la mtu mmoja.

Mwalimu wa Sekondari
Nami nalipokea, ila silikubali lote. Watu waliokuwa wakinunuliwa na kuuzwa ng'ambo ya mto Missouri walikuwa na haja ya kujua ni upande gani ungeshinda Kansas, hata kama pande zote mbili zilikalia ardhi ya wengine.

Binti wa Mvuvi
Walikuwa na haja hiyo, Mwalimu, na sijaikana. Ninachoomba ni kwamba tunapoandika kuwa uchaguzi wa 1855 uliibwa na wageni waliovuka mpaka, tuwataje pia Washawnee na Wakansa, ambao katika sensa ile ya wapiga kura 2,905 hawakuwa na nafasi.