Mjadala: Je, barua za tufani ya 1703 zilikuwa uandishi wa habari?

Mchangiaji aliyetangulia amedai kwamba The Storm, kitabu alichokitoa mwandishi Mwingereza Daniel Defoe mwaka 1704, hakistahili kuhesabiwa katika chimbuko la uandishi wa habari, kwa sababu mwandishi wake alikuwa mtu wa vijitabu vya siasa, ndiyo kwanza ametoka gerezani Newgate, na aliiona tufani ile kuwa mkono wa Mungu. Hayo yote ni kweli, lakini sikubaliani na hitimisho lake.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Novemba 1703, kwa kalenda iliyotumika Uingereza wakati ule, upepo uliangusha nyumba na miti kusini mwa nchi hiyo, ukaufagia mnara wa taa wa Eddystone pamoja na Henry Winstanley aliyeujenga, na kwenye mafungu ya mchanga ya Goodwin ukazamisha manowari na mabaharia zaidi ya 1,000. Muda mfupi baadaye Defoe alitangaza magazetini, likiwemo Daily Courant lililokuwa halijatimiza hata miaka miwili, akiwaomba watu wa kila pembe wamwandikie walichokiona. Barua zipatazo 60 alizichapa kwa maneno ya waandishi wenyewe, bila kuzigeuza ziwe hadithi yake. Kwangu mimi kiini cha kazi ya habari kiko hapo: aliyeona anasema mwenyewe, na msomaji anaelezwa habari imetoka wapi. Hakukaa mezani tu akisubiri barua, kwani alizunguka jimbo la Kent akihesabu miti iliyong'oka, na alipofika 17,000 akaacha kwa uchovu. Hata zebaki ya kipimahewa chake, chombo cha kupimia kanieneo ya hewa, aliitaja, jinsi ilivyoshuka mno akadhani watoto wamekichezea. Katika dibaji alieleza kwamba mhubiri husikika na wachache ilhali aliyechapisha kitabu husema na dunia nzima, hivyo uongo wa maandishi huwadhulumu hata ambao hawajazaliwa.

Mwenzetu angekuwa na hoja nzito zaidi kama angeuliza ni nani hasa walioandika barua hizo. Wengi walikuwa makasisi na watu wengine waliosoma. Baharia wa manowari Shrewsbury aliandika alivyoshuhudia meli ya Admeri Beaumont ikipotea na watu wake, lakini waliozama hawakuacha barua, wala mkulima asiyejua kusoma hakuliona tangazo lile. Pengo hilo linanisumbua kuliko dini ya Defoe, kwa sababu msomaji anaweza kudhani amesikia sauti ya nchi nzima, kumbe amesikia ya tabaka moja.

Najua pia kwamba mwaka 1722 mtu huyuhuyu alisimulia tauni ya London ya 1665 kana kwamba aliiona akiwa mtu mzima, ilhali wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kama mitano. Jambo hilo silitetei. Hata hivyo, kosa la 1722 haliwezi kuzifanya barua za 1704 kuwa za uongo, kwa kuwa nguvu ya barua hizo imo katika ushuhuda wa walioziandika.

Kwa hiyo namwomba mwenzetu anijibu hili: ikiwa imani ya mkusanyaji inatosha kuubatilisha ushuhuda aliouhifadhi, ni mkusanyaji gani wa karne ile tutakayembakiza?