Kutegemea nguvu za Mungu: mtu afanye nini hasa?

Mdau wa Neno
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kutegemea nguvu za Mungu kunahubiriwa sana, ila mtu akishatoka ibadani afanyeje? Chukua mtu aliyeokoka anayesumbuliwa na pombe. Anafunga, anaapa madhabahuni, mshahara ukiingia yuko baa. Wengine wanamwambia "jitahidi zaidi", wengine "acha kujitahidi, mwachie Mungu". Naomba majibu yenye maandiko na hatua, si "tutakuombea" tu.

Mwalimu wa Vijana
Amina. Soma Waamuzi 7 taratibu, Gideoni akienda kupigana na Wamidiani. Alikuwa na watu 32,000, wenye hofu 22,000 wakarudi, na pale majini wakachujwa hadi 300. Sababu iko mstari wa 2: Israeli wasije wakajisifu kwamba mkono wao ndio uliowaokoa. Sasa tazama mstari wa 20: mwenge mkono wa kushoto, tarumbeta mkono wa kuume. Mkono wa kushika upanga haupo! Lakini hawakulala nyumbani wakisubiri muujiza. Waligawanywa vikosi vitatu, wakafika mwanzo wa zamu ya kati, walinzi wakiwa ndio kwanza wamepangwa, na kila mtu akasimama mahali pake. Kwa hiyo ushauri wote aliopewa ndugu huyo umepungua. Wafilipi 2:12-13 inaweka yote mawili pamoja: utimizeni wokovu wenu, kwa maana Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu.

Mama Mlezi
Asante Mwalimu. Mimi naona kiapo ndicho kinachowaangusha wengi. Petro aliahidi kwa nguvu (Marko 14:31), kisha akalala Gethsemane alipoambiwa akeshe na kuomba. Petro alimpenda Yesu kweli. Alichokosea ni kuweka uamuzi wake mahali pa maombi.

Huyo ndugu aanze na siku ya mshahara yenyewe. Asubuhi aombe kwa kulitaja jambo: "Bwana, leo jioni nikitoka kazini siwezi, nishike." Pesa ya chakula na ada aitume nyumbani kabla ya kutoka kazini. Asipite mtaa wenye ile baa. Yusufu aliposhikwa na mke wa Potifa aliacha vazi akakimbia, hakubaki kupima imani yake. Awe na mtu mmoja anayejua, wa kumpigia jioni hiyo (Yakobo 5:16). Akianguka, atubu usiku uleule (1 Yohana 1:9). Asijifungishe kwanza siku kadhaa ili astahili kusamehewa, maana hapo ameshazirudia nguvu zake.

Mdau wa Neno
Barikiwa sana mama. Na hospitali? Kuna wanaosema kwenda ni kukosa imani.

Mhudumu wa Afya
Aende, tena kabla ya kuacha. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Mfungo mkavu (bila chakula wala maji) wakati huo ni hatari zaidi. Eliya alipochoka hata kuomba afe (1 Wafalme 19), Mungu alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili, ndipo akasema naye Horebu.

Pia aandaliwe kwamba hamu inaweza kubaki. Paulo aliomba mara tatu mwiba umtoke, haukutoka. Alipewa neema ya kutosha (2 Wakorintho 12:8-9). Hamu ikirudi asidhani maombi yameshindwa, na akishaombewa asitupe dawa. Lini ziishe, aseme daktari.