LVN Texas: mwaka mmoja wa shule, halafu usiku unaachiwa korido nzima. Hii ni halali?

Mbeba Boksi Mstaafu (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Kwenye grupu letu la WhatsApp la Wabongo wa huku Dallas kumewaka moto tangu juzi, dada mmoja katangaza kwamba kaanza shule ya LVN, badala ya kupewa hongera jamaa mmoja akamjibu hizo ni kozi za nusu nesi, serikali ingezifuta tu watu wote wasome RN (nesi kamili aliyesajiliwa), maana haiingii akilini mtu wa mwaka mmoja darasani akabidhiwe wazee wa watu usiku kucha. Wengine wakamrukia, wengine wakamuunga mkono, admin akafunga grupu. Nimeona nilete huku tujadili kwa nafasi.

Kwa wasiojua, LVN ni nesi mwenye leseni, ngazi moja chini ya RN, jina hilo wanalitumia Texas na California tu, majimbo mengine wanasema LPN. Bodi ya manesi ya Texas inataka shule ikupitishe saa zisizopungua 1,398, darasani 558 na kwa wagonjwa 840. California wako juu kidogo, 1,530. Ukisoma mfululizo ni kama mwaka hivi. Halafu unakutana na NCLEX-PN, mtihani wa taifa wa leseni, maswali 85 mpaka 150 ndani ya saa tano, kompyuta inakuchagulia swali linalofuata kutokana na ulivyojibu yaliyopita, kwa hiyo inaweza kukuzimikia kwenye swali la 85 ukatoka hujui umepeta au umepigwa. Juu yake Texas wana kamtihani kao ka sheria za uuguzi, na alama za vidole uchunguzwe.

Msimamo wangu ni huu. Kozi haina shida. Saa hizo zinatosha kabisa kwa kazi ambayo sheria yenyewe ya Texas imemwandikia LVN, yaani afanye kazi chini ya RN au daktari, kwa mgonjwa ambaye hali yake inatabirika. Shida ni kwamba hiyo siyo kazi anayopewa akifika kazini!! Sheria ya nchi nzima kuhusu nyumba za wazee inasema lazima awepo nesi mwenye leseni saa 24, lakini RN anatakiwa awepo saa 8 tu kwa siku. Piga hesabu mwenyewe hizo saa 16 zinazobaki yupo nani. RN yuko kwake kalala, simu iko chini ya mto, na jengo liko mikononi mwa LVN na CNA (wasaidizi wa manesi) wawili watatu.

Na siyo kwamba hakuna aliyeliona hilo. Mwaka 2024 serikali ya Biden ilitoa kanuni kwamba RN awepo saa zote 24 na kila mkazi apate wastani wa saa 3.48 za uangalizi kwa siku. Wenye nyumba za wazee wakakimbilia mahakamani, Aprili 2025 jaji wa hapa hapa Texas akaifuta, na Julai Bunge likapitisha sheria kwamba isitekelezwe mpaka 2034. Kwa hiyo anayesema LVN ndiye tatizo aanze kwanza na waliolipa wale mawakili.

Nawasilisha.

Dada wa Arlington

Mimi ni LVN, zamu ya usiku, nyumba ya wazee ambayo sitaitaja. Mleta mada umeongea vizuri ila hujamaliza. Unajua kwamba LVN wa Texas haruhusiwi kutamka kwamba mtu amefariki? RN anaweza kwa utaratibu wake, sisi hapana. Sasa saa tisa usiku CNA anakuja mbio chumba fulani bibi hapumui. Kama hana karatasi ya DNR (ya kukataa kufufuliwa) naanza CPR, yaani kumsukuma kifua, na mtu anapiga 911 ya dharura, hata kama bibi keshapoa, maana mimi siyo wa kusema keshakwenda. Kama anayo napiga simu kwa RN au daktari, nasubiri, na familia nayo inapiga inauliza vipi mama, na mimi natafuta maneno. Hapo bado toroli la dawa linanisubiri, bado kuna wa insulini, bado wa mpira wa kulishia tumboni unaopiga alamu.

Hicho kitu shule ilitufundisha, kilikuwepo kwenye notisi na tulijibu kwenye mtihani. Kilichokosekana ni mtu wa pili.

Nesi Mgumu

Nitakuwa tofauti na nyie, mnisamehe. Mimi RN, nilianzia CNA kama wengi wenu kwa hiyo msiniletee habari za kudharau watu. Hoja ya "kozi inatosha ila mazingira mabaya" ni ya kujifariji. Mazingira ndiyo hayo na hayabadiliki, mleta mada mwenyewe kaonyesha kanuni ilivyozikwa. Kama unajua mtu atakwenda kuachwa peke yake basi mfundishe kazi ya mtu wa peke yake, usimfundishe kazi ya kwenye makaratasi.

Na tofauti ya LVN na RN siyo kuchoma sindano. Sindano hata nyani utamfundisha. Tofauti ni kumwangalia mgonjwa mzima mzima ukajua kinachokuja kabla hakijafika, ndiyo maana sheria inasema ile tathmini kamili ya mwanzo ni ya RN, LVN anafanya ya eneo husika tu. Mzee ameanza kuchanganyikiwa kidogo jioni, presha imeshuka kidogo, mkojo kidogo, kila kimoja peke yake si kitu. Ukiviweka pamoja huyo anaelekea kwenye sepsisi, mwili unazidiwa na maambukizi. Chama cha manesi cha Marekani kilishasema tangu 1965 elimu ya unesi ipandishwe, na North Dakota walithubutu mwaka 1987, RN lazima digrii, LPN lazima miaka miwili ya chuo. Kwa nini Texas isiweze?

Mbeba Boksi Mstaafu

Nesi Mgumu malizia hadithi basi. North Dakota waliirudisha sheria yao nyuma mwaka 2003. Wakabaki kama wengine. Jimbo pekee lililojaribu likashindwa, wewe unatuletea kama mfano wa kuigwa.

Halafu hiyo sepsisi uliyoieleza, LVN mzuri aliyekaa na mzee yule yule miezi sita anaiona kabla ya RN anayepita na laptopu asubuhi. Anachohitaji ni RN wa kumwambia "njoo umwone huyu" na akaja.

Nesi Mgumu

Ilirudishwa kwa sababu za siasa na uhaba wa watu, siyo kwa sababu wagonjwa walilalamika kwamba manesi wao wamesoma sana.

Mkenya wa Houston

Wacha niwaambie kitu, nyinyi mnaongea sheria lakini watu wanaingia LVN sababu ya pesa na hiyo si dhambi. Angalieni takwimu za serikali za Mei 2024, mshahara wa katikati kwa nchi nzima: CNA dola 39,530 kwa mwaka, LVN 62,340, RN 93,600. Mtu ako na watoto watatu na anafanya dabo kila wikendi kuosha wazee, mkimwambia aende RN moja kwa moja lazima kwanza amalize anatomia, maikrobayolojia na hayo mengine, afanye mtihani wa kuingia, halafu agombanie nafasi na watoto wa miaka kumi na nane wanaolala kwa mama yao. Miaka inaenda. LVN anapanda kutoka 39 hadi 62 na ndio anatafuta ile kozi ya kuunganisha kwenda RN akiwa na mshahara wa kulipa karo yake mwenyewe.

Shida yenye naona mimi, na hamjaitaja, ni hizi shule. Kuna zile za komyuniti koleji, bei nafuu, foleni ndefu. Na kuna za binafsi, hazina foleni, mtu anakupigia simu mwenyewe kila asubuhi ati nafasi zimebaki mbili, unasaini mkopo, ukimaliza unapata zile saa zao komyuniti koleji hawazitambui, unaanza tena. Binamu yangu alipitia hivyo hivyo hadi leo analipa deni. Kabla usaini ingia kwa tovuti ya bodi, matokeo ya NCLEX ya kila shule yako hapo wazi. Shule yenye inakwambia "hatuna hiyo data" ukimbie.

Na enyewe mwenye atakuuzia diploma pia mkimbie. Januari 2023 FBI walitangaza ile operesheni ya Florida, shule tatu zimeuza vyeti feki zaidi ya 7,600, na kati ya walionunua kuna waliokuwa tayari LPN na LVN wakitaka kuruka kwa RN haraka. Watu walifutiwa leseni majimbo mbalimbali. Community yetu ya Waafrika iliguswa, tusijifanye hatujui.

Nesi Mgumu

Umeona sasa? Wewe mwenyewe umesema LVN wanataka kuruka. Ukiwa na ngazi mbili watu watatafuta njia ya mkato kati yake. Weka ngazi moja. Na hesabu yako ya pesa ina tundu, toa 62 kwenye 93, kila mwaka unaochelewa kwenye LVN unaacha mezani zaidi ya dola elfu thelathini. Wangapi mnaowajua walisema "mwaka mmoja tu halafu naunganisha" na leo mwaka wa nane yuko pale pale?

Dada wa Arlington

Mimi mmoja wao na sijutii. Mwanangu amemaliza hai skuli kwa mshahara huo. Ngazi moja ukiiweka ujue kabisa watakaobaki chini ni CNA wote, na usiku utakuwa na nani? Utakuwa na CNA na simu.

Kijana wa Kahama

Wakuu samahani kuingilia. Nipo nyumbani Tanzania, ni muuguzi wa cheti, zahanati yetu usiku ni mimi na mhudumu mmoja, akija mama wa kujifungua na mtoto mwenye degedege kwa pamoja mnajua wenyewe. Kwa hiyo nikisoma mnavyolalamika saa 16 bila RN nacheka kidogo, sisi hiyo simu yenyewe mtandao ukipenda. Swali langu: naweza kuja kusomea hiyo LVN Texas halafu nikabaki nikafanya kazi?

Mbeba Boksi Mstaafu

Mdogo wangu karibu, wala hujaingilia. Nakujibu kwa ukweli ili usije ukauza kiwanja. Shule nyingi za ufundi wa namna hiyo zinapokea wageni kwa viza ya M-1, ya masomo ya ufundi. Kwa M-1 hufanyi kazi muda wote wa masomo, ukimaliza mazoezi ya vitendo hayazidi miezi sita, na ukiwa ndani ya Marekani huwezi kuibadili iwe F-1, ile viza ya kawaida ya chuo. Halafu kwenye ile orodha ya uhamiaji ya kazi ambazo mwajiri hahitaji kuthibitisha kwanza kwamba amekosa Mmarekani, RN yumo, LVN hayumo. Kwa hiyo LVN ni njia nzuri kwa mtu ambaye tayari yuko huku na makaratasi yake, aliyeshinda bahati nasibu ya viza, mkimbizi, aliyeolewa. Wewe jiendeleze hapo hapo upate diploma, usajiliwe na baraza kama muuguzi kamili, kisha upambane na NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya RN. Ni ndefu, lakini ndiyo yenye mlango mwishoni.

Na hilo la zahanati yako Nesi Mgumu alione. Tanzania tungefuta wauguzi wa cheti kwa hoja yake zahanati ngapi zingefungwa kesho?

Nesi Mgumu

Usinilishe maneno. Tanzania ina uhaba wa fedha. Hawa wa Texas wana fedha za kwenda mahakamani. Nchi ambayo ina uwezo wa kumweka RN usiku na inachagua kutomweka, mimi siwezi kuipa kisingizio kinachoitwa LVN. Mkiendelea kuwapa watu wa mwaka mmoja kwa bei hiyo hawataajiri RN hata siku moja, kwa nini waajiri?

Mkenya wa Houston

Hapo amegusa. Siwezi kataa hiyo.

Mbeba Boksi Mstaafu

Amegusa ndiyo, ila dawa anayotoa inamwangukia asiyehusika. Ukifuta LVN kesho mwenye jengo hataajiri RN, ataenda Austin kwa serikali ya jimbo kuomba CNA waruhusiwe kugawa dawa, tayari Texas wana wasaidizi wa dawa wenye kibali. Lazimisha RN usiku kwa sheria, mwache LVN afanye kazi aliyosomea. Hilo ndilo ninalosema tangu post ya kwanza.

Dada wa Arlington

Wakati mnasubiri sheria, wanaoanza shule wajue kitu kinaitwa Safe Harbor. Ni kinga ya Texas, RN na LVN wote tunayo, ukipangiwa kazi unayoona kwa nia njema itahatarisha mgonjwa unajaza fomu unampa msimamizi, wanatakiwa wasikulipizie kisasi na bodi haikuadhibu kwa kuipokea. Shuleni walitupitisha kwa dakika tano na wengi wanaisahau.

Mkenya wa Houston

Unajaza kabla au baada ya kupokea ripoti ya kukabidhiwa zamu?

Dada wa Arlington

Kabla hujaanza hiyo kazi, au katikati ya zamu hali ikibadilika, kwa mfano mwenzako kaondoka korido yake ukaongezewa. Usisubiri asubuhi. Na ukiona wamepungua usihesabu dawa za kulevya wala kupokea funguo za toroli kabla hujaongea na msimamizi, ukishashika funguo kwa macho ya bosi zamu ni yako.